Ngome ya Mombasa Katika Picha Moja

Mtu ashukaye kutoka bara kwenda Mombasa kwa mara ya kwanza aghalabu huwa amekwisha kuiona Ngome ya Yesu kabla ya kuifikia. Ameiona katika kitabu cha shule, au katika kalenda iliyotundikwa dukani: ukuta mrefu wa rangi ya udongo wa manjano, bahari chini yake, na jahazi likipita na tanga lake. Picha hiyo ni nzuri, wala si ya uongo. Walakini yeyote aliyepata kusimama mbele ya ukuta wenyewe na kamera mkononi ajua kuwa si kazi nyepesi kuitia ngome nzima katika picha moja. Na mwalimu mmoja wa Taita aliijua kazi hiyo kwa muda wa siku mbili, mwezi wa Machi.

Mwalimu huyo hufundisha shule ya msingi karibu na Wundanyi. Pamoja na rafiki zake wapenda picha, wengine wakaao Voi na wengine Mwatate, wana shindano dogo la kila juma. Siku ya Jumatatu mmoja wao hutoa neno, na kila mtu hutafuta picha ya kulijibu neno hilo. Kabla ya saa tatu ya usiku siku ya Jumapili hana budi kuileta kwa simu, nao wenzake huzitazama zote na kuchagua iliyo bora. Masharti ni machache. Picha iwe moja tu, iwe imepigwa juma lilo hilo, wala isiongezwe kitu kisichokuwapo. Juma lile neno lilikuwa "Jengo la Kale."

Angaliweza kulipiga kanisa la kale lililo karibu na nyumbani kwake, na wengine walifanya vivyo hivyo. Yeye alichagua kwenda Mombasa. Rafiki zake aliwaambia kwamba ataka kitu kikubwa. Sababu nyingine hakuwaambia. Babu yake, mzazi wa baba yake, alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kilindini, na mwaka 1956, kwa kukosa kulipa kodi, alifungwa miezi mitatu. Jela aliyofungwa ilikuwa ndani ya ngome ile ile. Mzee alikwisha kufariki zamani, lakini mkewe angali hai, naye hajapata kufika Mombasa hata siku moja. Aliposikia safari ya mjukuu wake alimwita akamwambia, "Basi nipigie picha, nipaone mahali alipokaa babu yako." Mjukuu akaitikia vyepesi, kama mtu aombwaye kuleta sukari kutoka dukani.

Aliondoka Jumamosi alfajiri. Njia huteremka kutoka vilima vya Taita vyenye migomba na ukungu hadi Mwatate, kisha Voi, na kutoka hapo ni nyika ya Taru, vichaka na vumbi jekundu mpaka Mariakani. Huko minazi huanza kuonekana, na joto la pwani humpokea msafiri hata kabla hajaiona bahari. Alifika Ngomeni saa sita ya mchana, akiwa na njaa, akaanza kupiga picha papo hapo.

Zote zilikuwa mbaya. Ukuta ulioonekana mkubwa machoni ulikuwa mwembamba na mweupe katika kamera, kama karatasi. Wapenda picha na wajue sababu, maana si kosa la mashine. Mombasa iko kusini kidogo ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa. Saa hiyo ukuta hauna kivuli. Ngome hii ilijengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa, na jiwe la tumbawe lina matundu na mikwaruzo kama ngozi ya mzee. Uzuri wake wote umo katika vivuli vidogo vya matundu hayo. Mwanga ukitoka juu, vivuli hufa. Ukitoka ubavuni, asubuhi au jioni, kila jiwe hujitokeza peke yake.

Kosa la pili lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu mno, akaielekeza kamera juu ili aupate ukuta wote mpaka kileleni, na katika picha ukuta ukawa kama uangukao chali. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuishika kamera sawasawa, hata kama nusu ya picha itakuwa barabara na wauza madafu. Wauza madafu si hasara. Mtu mmoja akisimama chini ya buruji humwonyesha mtazamaji ukubwa wa buruji lenyewe kuliko maneno mengi.

Aliponunua dafu akakaa kivulini, alipata wasaa wa kulitazama jengo kwa macho matupu. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, nayo ikamalizika mwaka 1596. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliani wa Milan, aliyekuwa mhandisi mkuu wa mfalme wa Ureno katika nchi za Mashariki. Wakati huo wajenzi wa Ulaya waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili viko katika mwili wa mwanadamu, na ngome ya Cairati, ikitazamwa kutoka angani, hufanana na mtu aliyelala chali na kunyosha viungo vyake. Maburuji yake manne yangali yaitwa kwa majina ya Kireno: São Filipe, São Alberto, São Matias na São Mateus. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliitia ngome pamoja na handaki lake, eneo la hektari 2.36, katika orodha ya urithi wa dunia.

Juu ya lango kuna jiwe lililoandikwa, la mwaka 1635, na wageni wengi hulipiga picha pasipo kujua habari yake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1631, sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea huko Goa wakambatiza jina la Jerónimo, aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akaitwaa. Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu wakashindwa kuirudisha. Kisha Yusuf mwenyewe akaenda zake baharini, nao wakaingia ngome iliyoachwa tupu. Jiwe lile liliwekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kujisifia matengenezo yake na adhabu alizowapa watu wa pwani. Walioadhibiwa hawakuandikiwa jiwe.

Tena mpiga picha aangalie asidanganyike na mizinga. Nje ya ngome iko mizinga ya nyakati mbalimbali, na mmojawapo ulitoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozama katika mto Rufiji mwaka 1915. Atakayeupiga picha na ukuta nyuma yake, kisha akaandika kwamba hiyo ni silaha ya Wareno, atakuwa amekosea kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Jumapili mwalimu aliamka saa kumi ya usiku. Alivuka daraja la Nyali akaenda ng'ambo ya maji, upande wa English Point, akasimama ufukoni gizani pamoja na wavuvi waliokuwa wakitayarisha ngalawa zao. Saa kumi na mbili na nusu jua lilichomoza nyuma yake, likaipiga ngome usoni. Ukuta uliokuwa mweupe jana ukageuka wa dhahabu, kisha wa rangi ya embe lililoiva. Maji yalikuwa matulivu. Chombo kimoja chenye tanga kilipita, kana kwamba kimeagizwa. Alipiga picha zaidi ya arobaini, na alipozitazama alijua kwamba shindano la juma hilo limekwisha.

Na kweli mahali pale ndipo mtu aelewapo kwa nini ngome ilijengwa hapo wala si penginepo. Yasimama juu ya mwamba mdomoni mwa bandari ya kale, na kila chombo kilichotaka kuingia kilipita chini ya mizinga yake. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Katika miezi ile thelathini na mitatu, njaa na magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 Wareno walikuwa wamekufa karibu wote, hata kwa muda ulinzi wa ngome ukawa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza na watu wake wa pwani. Mwaka huo huo merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwasaidia, ilizama hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza tangu 1977 hadi 1980, na vyombo vilivyotolewa humo vimewekwa ngomeni vitazamwe. Kwa hiyo maji yale matulivu katika kalenda yana mengi chini yake. Hata mwamba wenyewe umebadilika sura, kwa kuwa miaka ya karibuni umejengewa ukuta wa kuzuia mawimbi yaliyokuwa yakiula. Atakayelinganisha picha ya leo na kadi ya posta ya zamani ataiona tofauti mara moja.

Picha ya shindano ilikuwa tayari. Ilibaki ya nyanya.

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mwalimu alilipa kiingilio, akapita chini ya jiwe la Cabreira, akapanda njia yenye giza, akatokea uani penye mwanga mkali. Alikuwa na nia ya kuuliza jela ilikuwa wapi, apige picha mbili tatu, kisha awahi gari la saa nne.

Alizunguka mara ya kwanza asiione. Aliona visima na birika, nyumba ya Waomani juu ya buruji, na ukumbi ulioitwa kwa jina la Wamazrui, ambao waliitawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja hata mwaka 1837. Aliona michoro iliyofanywa na askari wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Walichora merikebu, merikebu, na merikebu tena. Mtu hachori chombo cha safari mara nyingi hivyo isipokuwa ana hamu ya kwenda kwao. Mwalimu aliitazama michoro ile muda mrefu, akafikiri kwamba wafungwa wa kwanza wa ngome huenda walikuwa walinzi wake.

Ndipo akamwendea mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani chini ya mti, akamwamkia, akamwuliza vyumba vya jela viko wapi.

"Jela, mwanangu?" mzee akasema. "Jela waliivunja. Kuta hizi ndizo zilizobaki."

Na ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya Kiingereza iliifanya ngome kuwa jela mwaka 1895, na jela ikakaa humo kwa muda wa miaka sitini na mitatu. Mwaka 1958 wafungwa walihamishwa, na kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ngome ikaanza kutengenezwa na kuchimbwa chini ya uongozi wa James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ili mambo ya Wareno na Waarabu yaonekane, majengo mengi ya jela yaliondolewa. Jambo hilo laeleweka. Hakuna msafiri atokaye Ulaya kuja kutazama vyumba vya mahabusu vya miaka ya hamsini. Lakini wafungwa nao waliishi humo, wengi sana, muda mrefu kuliko mazingira yote, wala katika michoro ya ukutani hamna hata mstari mmoja wa kwao uonyeshwao mgeni.

Mwalimu alikaa juu ya jiwe. Aliyotumwa kuyapiga picha hayakuwapo. Alianza kukumbuka maneno ya babu yake, ambayo utotoni aliyasikia bila kuyasikiliza. Mzee hakusimulia mengi juu ya miezi ile mitatu. Alikuwa akisema kwamba aliisikia bahari usiku na mchana asiione. Alisema pia kwamba alijua saa kwa adhana za misikiti ya mji wa kale, ijapokuwa yeye ni Mkristo, na kwamba jioni kunguru walipita juu ya ukuta wakienda kulala mjini, naye alikuwa akiwahesabu. Zaidi ya hayo ni ukuta, na kipande cha mbingu.

Hapo ndipo alipoacha kutafuta chumba. Gari la saa nne lilikwenda bila yeye. Alizunguka ua wote akitafuta mahali ambapo mtu, akisimama kwa urefu wake, haoni bahari, wala mnara, wala nyumba ya mtu, ila ukuta na mbingu. Si rahisi kama adhaniavyo msomaji, kwa sababu watengenezaji wa makumbusho hupenda mgeni aone mandhari, wakaweka ngazi na njia za kumpandisha juu. Alipapata pembeni, penye ukuta usiopigwa rangi, wenye mawe ya tumbawe matupu. Saa tano mwanga ulikuwa mbaya. Alisubiri. Wanafunzi walikuja na mwalimu wao wakaenda. Wageni walikuja na kofia zao wakaenda. Alikula mkate. Saa tisa ukuta ulikuwa bado bapa. Saa kumi na moja jua liliingia kwa ubavu, na kila tundu la jiwe likajaa kivuli chake, na ukuta uliokuwa kitu kimoja ukawa maelfu ya mawe yaliyopangwa na mikono ya watu.

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaadhiniwa kunguru walipoanza kupita. Walipita wawili wawili, kisha kundi, kisha mmoja peke yake. Aliupiga ukuta na mbingu, na kunguru mmoja juu kabisa, karibu atoke katika picha. Mara mzee wa ufagio akaja kumwambia kwamba lango lafungwa.

Saa mbili na nusu ya usiku, katika gari la kurudi Voi, alikuwa na picha mbili mkononi na nafasi ya kupeleka moja. Ya asubuhi ilikuwa na yote yatakiwayo na mtazamaji: bahari, tanga, dhahabu ya jua, na ngome nzima kutoka buruji hata buruji. Ya jioni ilikuwa ukuta. Mtu asiyejua angedhani ni ukuta wa zizi. Katika shindano lile mwenye picha haruhusiwi kuieleza mpaka kura zimekwisha kupigwa, wala hakuna kifungu cha kura za huruma. Walipopita Mazeras mtandao ulipotea. Uliporudi alipeleka ya jioni, kisha akaizima simu.

Alipata kura moja. Mshindi alikuwa yule wa kanisa, aliyesubiri watu watoke ibadani, na kwa kusema kweli picha yake ilikuwa na uhai. Mwenzake mmoja aliuliza kwa upole kama kamera ilianguka.

Mwishoni mwa juma alizichapisha picha zote mbili Voi, akampelekea nyanya yake. Alimpa kwanza ile ya bahari, maana hata yeye aliipenda. Mama mzee aliishika kwa mikono miwili.

"Huku ni wapi?"

"Ndiko, nyanya. Ndiyo ngome yenyewe."

"Babu yako hakuniambia aliona bahari."

"Hakuiona. Aliisikia tu. Hii imepigwa kutoka nje, ng'ambo."

Akairudisha. Mjukuu akampa ya pili. Nyanya aliinuka akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya mawe, kisha juu ya kunguru.

"Hawa alikuwa akiwasema," alisema. Halafu akauliza, "Na mlango uko wapi?"

"Mlango ulikuwa nyuma yangu, nyanya."

Hakujibu. Alikwenda chumbani, akalitoa kopo la bati lililokuwa chini ya kitanda, lenye stakabadhi za kodi za mumewe, za miaka aliyolipa, zilizofungwa kwa uzi. Akaitia picha humo, akalifunika kopo, akamwuliza mjukuu wake kama amekula.